Msimu Wetu wa Mvua: Neno "Wastani" Halisemi Yote

Kila mwaka inapokaribia Novemba redio hututangazia utabiri wa msimu wa mvua. Tunasikia kwamba mvua zitakuwa "za wastani", au "za wastani hadi juu ya wastani", au "za wastani hadi chini ya wastani". Wengi wetu tukisikia neno "wastani" tunashusha pumzi, tukidhani kwamba mwaka utakuwa salama. Mwezi huu, katika ukurasa wetu wa afya, tunapenda kulieleza neno hilo. Familia nyingi za pwani yetu, kuanzia Mikindani hadi Madimba, Msimbati na huko Mto Ruvuma unakoingia baharini, hupatwa na maradhi hata katika mwaka ambao hesabu zinaonyesha kuwa mvua ilikuwa ya kawaida tu. Tena maradhi hayo mengi yanazuilika nyumbani, kwa gharama ndogo, ikiwa tutajua yanakuja lini.

WASTANI HUPATIKANAJE?

Mvua hupimwa kwa milimita. Milimita moja maana yake ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba ya ardhi. Katika kituo cha hali ya hewa mpimaji husoma kipima mvua kila siku saa 3 asubuhi na kuandika kiasi kilichoanguka tangu asubuhi ya jana. Joto nalo hupimwa kivulini, ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu ya kupitisha upepo. Kwa hiyo mkulima aliyesimama juani husikia joto zaidi ya lile linalotangazwa.

Takwimu hizo zikikusanywa kwa miaka 30, zikajumlishwa na kugawanywa kwa 30, ndipo hupatikana wastani wa muda mrefu. Miaka inayotumika sasa duniani kama kipimo ni 1991 hadi 2020. Zamani ilitumika 1961 hadi 1990.

Mji wa Mtwara hupata mvua ya milimita 1,000 na zaidi kidogo kwa mwaka, na zaidi ya robo tatu ya mvua hiyo huanguka kati ya Desemba na Aprili. Juni hadi Septemba mvua ni kidogo sana. Sisi wa kusini tuna msimu mmoja tu, unaoanza Novemba na kwisha Aprili au mwanzoni mwa Mei, wakati pepo za kaskazi zinapovuma na ukanda wa mvua unapolifuata jua kuelekea kusini. Wenzetu wa Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar wana misimu miwili, yaani vuli na masika. Kwa hiyo mzazi wa Madimba anaposikia taarifa ya vuli au ya masika, ajue kuwa hiyo si yake. Asubiri ile ya maeneo yanayopata msimu mmoja kwa mwaka, ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huitoa kabla ya Novemba.

WASTANI NI MPANA KULIKO TUNAVYODHANI

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Wataalamu wetu wakisema mvua ni ya wastani, wanamaanisha kiasi chochote kilicho kati ya asilimia 75 na asilimia 125 ya wastani wa muda mrefu. Tuchukue milimita 1,000 kuwa mfano rahisi. Mwaka wa milimita 750 utaitwa wa wastani, na mwaka wa milimita 1,250 pia utaitwa wa wastani. Tofauti kati ya miaka hiyo miwili ni milimita 500, na kwa mwenye shamba la mahindi au jaruba la mpunga hiyo si tofauti ndogo hata kidogo.

Jambo la pili ni mgawanyo. Tuseme vijiji viwili vimepata milimita 200 kila kimoja katika mwezi wa Januari. Kijiji cha kwanza kilipata milimita 10 kwa siku, kwa siku 20. Kijiji cha pili kilipata milimita 100 siku moja, kikakaa wiki tatu bila tone, kisha kikapata nyingine 100. Kwenye daftari vijiji hivyo ni sawa. Lakini katika kijiji cha pili vyoo vimefurika, maji machafu yameingia visimani, na mahindi yamekauka yakiwa na urefu wa goti.

Mfano halisi tunao. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipita karibu na pwani yetu na kuingia kupitia kisiwa cha Mafia. Kilwa ilipata zaidi ya milimita 200 ndani ya saa 24, wakati wastani wa mwezi mzima wa Mei hapo haufiki milimita 100. Mtwara ilipata karibu milimita 100, wakati wastani wake wa Mei yote ni milimita 54 hivi. Ukiitazama hesabu ya mwaka mzima, siku hiyo moja haionekani sana. Ukiitazama nyumba ya udongo, au mama mwenye mtoto mchanga ambaye kisima chake kimeingiliwa na maji ya barabarani, siku hiyo ni kubwa kuliko mwaka.

Vimbunga si vya kila mwaka kwetu, lakini si vigeni. Wazee wa Lindi walisimuliwa au waliiona tufani ya Aprili 1952. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliingia nchi kavu huko Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma. Siku chache tu baadaye, mwanzoni mwa Mei, ugonjwa wa kipindupindu ulitangazwa katika mji wa Pemba, ile ya Msumbiji. Mtaona kwamba matukio haya yote matatu yalitokea Aprili au Mei, wakati wengi wetu tumekwisha kusema kuwa mvua imekwisha.

MVUA ZA DESEMBA, HOMA ZA JANUARI

Tuanze na malaria, maana Mtwara ni kati ya mikoa inayosumbuliwa zaidi na ugonjwa huu. Katika uchunguzi wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022, karibu mtoto 1 kati ya 5 wa umri chini ya miaka mitano mkoani kwetu alikutwa na vimelea vya malaria, wakati kwa nchi nzima ni chini ya 1 kati ya 10.

Mbu wa malaria hutaga mayai katika maji yaliyotuama. Tangu yai hadi mbu kamili ni siku 10 hivi. Mbu huyo akimuuma mtu mwenye vimelea, vimelea hivyo navyo huhitaji muda wa kukomaa ndani ya mbu kabla hajaweza kumwambukiza mtu mwingine. Hapo ndipo joto linapoingia. Katika joto la nyuzi 25 muda huo ni siku 12 hivi. Katika nyuzi 20 ni wiki tatu hadi nne, na mbu wengi hufa kabla ya hapo. Chini ya nyuzi 16 vimelea vya malaria kali havikui kabisa. Kisha mtu aliyeumwa hukaa kati ya wiki moja na mbili kabla ya homa kumshika.

Tukijumlisha siku hizo tunapata mwezi mmoja na zaidi kidogo. Ina maana kwamba mvua za kwanza za Desemba huandaa homa za Januari, na mvua za Machi na Aprili huandaa homa za Mei na Juni, wakati jua limekwisha kurudi na vyandarua vimekwisha kukunjwa. Pwani yetu haina baridi ya kutulinda. Hata Julai, mwezi wetu wa baridi, ni usiku tu ambapo joto hushuka hadi karibu nyuzi 19 au 20, na mchana hupanda tena. Kwa hiyo malaria kwetu hupungua lakini haiishi.

Chandarua chenye dawa kitumike kila usiku wa mwaka. Kishonwe matundu mwezi wa Novemba, kabla mbu hawajaongezeka. Mama mjamzito ahudhurie kliniki mapema ili apewe chandarua na dawa za kukinga malaria kwa wakati wake. Mtoto akipata homa apelekwe zahanati siku hiyohiyo akapimwe damu. Asinunuliwe vidonge dukani kwa kubahatisha. Na akipewa dawa ya mseto, azimalize dozi zote hata kama homa imeshuka siku ya pili.

Tusisahau pia vifuu vya nazi, makopo na magurudumu ya zamani yanayozagaa uani. Huko huzaliana mbu wa aina nyingine, wanaouma mchana na kueneza homa ya dengi, iliyowasumbua sana wenzetu wa Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019. Vifuu vikusanywe na kuchomwa kuwa kuni kabla havijashika maji.

SIKU YA MVUA KUBWA NA MAJI YA KUNYWA

Mvua inayonyesha polepole hunywewa na ardhi. Mvua kubwa ya saa chache hukimbia juu ya ardhi na kuzoa kila kitu, pamoja na uchafu wa vyoo, hadi kwenye visima vifupi. Katika msimu wa mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa 1997, kipindupindu kilienea vibaya. Kwa mwaka huo wa 1997 Tanzania iliripoti wagonjwa zaidi ya 40,000, na waliofariki walizidi 2,200.

Wanaoishi bondeni kwa Mto Ruvuma wana jambo la ziada la kukumbuka. Mto huo huanzia milima ya Matogoro karibu na Songea, na hupokea maji ya Tunduru na ya upande wa Msumbiji kabla ya kufika kwetu. Unaweza kufurika wakati mbingu ya Madimba ni nyeupe. Kwa hiyo taarifa ya mvua kubwa za Songea na Tunduru ni taarifa ya kwetu pia.

Baada ya mvua kubwa, hesabuni kila kisima kifupi kuwa kimechafuka mpaka kisafishwe. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kwa mapovu makubwa, yaachwe yatokote dakika moja au zaidi, kisha yawekwe kwenye chombo chenye mfuniko. Asiye na kuni za kutosha atumie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kutoka chooni na kabla ya kula.

Mtu akianza kuharisha, hasa kuharisha majimaji kama maji ya mchele, kinachoua ni upungufu wa maji mwilini, na huweza kuua kwa saa chache. Apewe maji ya chumvichumvi mara moja. Ukikosa pakiti ya zahanati, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari visivyo na kilima, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, ukoroge. Mnyweshe kidogokidogo huku mkielekea kituo cha afya. Mtoto aendelee kunyonya. Zahanati itampa mtoto pia vidonge vya zinki, navyo avimalize hata kama ameacha kuharisha.

MVUA IKIPUNGUA: TUSIUHARAKISHE MUHOGO

Mwaka wa mvua chache una ugonjwa wake, nao haufahamiki vizuri ingawa umekwisha kutokea mkoani kwetu. Muhogo mchungu una sumu ya asili, na katika ukame sumu hiyo huongezeka. Wakati huohuo njaa inabisha hodi, na akina mama hulazimika kuufupisha utayarishaji. Mwaka 1988 huko Masasi watu walidhurika kwa kula muhogo uliotwangwa na kuanikwa kwa haraka ukaliwa siku hiyohiyo, ule unaoitwa chinyanya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ugonjwa uitwao konzo uliripotiwa tena katika mkoa wa Mtwara. Jirani zetu wa Nampula, Msumbiji, walikuwa na wagonjwa zaidi ya 1,000 katika ukame wa mwaka 1981.

Konzo humshika mtu ghafla. Miguu yote miwili hukakamaa, na ulemavu huo hauponi. Hushika zaidi watoto na akina mama wenye umri wa kuzaa. Hauambukizi, wala si kurogwa. Ni sumu ya muhogo usioiva katika utayarishaji, ulioliwa wiki nyingi bila kitoweo.

Kuuzuia ni rahisi. Muhogo mchungu uloweshwe siku tatu au zaidi mpaka ulainike, kisha uanikwe vizuri. Ikiwa makopa yamekwisha kutwangwa bila kuloweshwa, kuna njia nyingine iliyofundishwa katika vijiji vya kusini. Weka unga kwenye bakuli na utie alama mahali ulipofika. Ongeza maji ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukifika tena kwenye alama, acha. Utandaze juu ya mkeka, unene usizidi upana wa kidole kidogo, uuache saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu hupotea hewani. Upike ugali siku hiyohiyo. Na muhogo uliwe na samaki, dagaa, kunde au mbaazi, kwa sababu vyakula hivyo huusaidia mwili kuiondoa sumu inayobaki.

JOTO NALO LIMEHAMA

Miezi yetu ya joto kali ni Oktoba hadi Desemba, kabla mvua hazijakolea, na tena Machi. Mnamo Novemba joto la mchana hufika nyuzi 30 hadi 32 kivulini. Kwa bahari iliyo karibu, hewa imejaa unyevu, na jasho halikauki upesi. Jasho lisipokauka mwili haupoi. Huo ndio wakati familia ziko chini ya mikorosho zikiokota korosho tangu asubuhi.

Duniani kote, hadi mwisho wa mwaka 2024, miaka kumi ya 2015 hadi 2024 ndiyo iliyokuwa na joto zaidi tangu vipimo vianze, na mwaka 2024 ulizidi joto la miaka ya 1850 hadi 1900 kwa nyuzi 1.5 hivi. Kumbukeni tulichosema kuhusu wastani. Kipimo cha 1991 hadi 2020 chenyewe kimekwisha kupanda kuliko kile cha zamani. Mwezi ukiitwa "wa kawaida" leo, kawaida hiyo si ile ya ujana wa babu zetu.

Kazi za shamba zifanywe alfajiri na jioni. Kila anayeokota korosho awe na maji yake ya kunywa, asingoje kiu. Wazee, wajawazito na watoto wachanga wakae penye upepo. Mtu akianza kuweweseka au kuzimia kwa joto, apelekwe kivulini, avuliwe nguo nzito, amwagiwe maji na kupepewa, kisha afikishwe hospitali haraka. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu.

TUPIME WENYEWE

Mvua huweza kunyesha mjini Mtwara na kuiruka Madimba. Kila jumuiya ndogondogo inaweza kuwa na kipima mvua chake, na gharama yake ni ndogo. Tafuteni kopo lenye kuta zilizonyooka, lifungwe kwenye nguzo mahali peupe, mbali na miti na mapaa. Kila siku saa 3 asubuhi mtoto wa shule apime kina cha maji kwa rula, aandike milimita daftarini, kisha amwage. Ikizidi milimita 50 kwa siku moja, jumuiya ijulishane kuchemsha maji yote ya visima. Zikipita wiki mbili bila mvua katikati ya Januari, tukumbushane mapema habari ya muhogo.

Hesabu hiyohiyo husaidia kuvuna maji. Paa la bati la mita 6 kwa 8 lina mita za mraba 48. Mvua ya milimita 10 huleta lita 480. Toa zinazopotea, utabaki na lita kama 400, yaani ndoo 20 ambazo mama na binti zake hawatazifuata kisimani. Ila maji ya mvua za kwanza yaachwe yapite, yaoshe vumbi, kinyesi cha ndege na salfa ya mikorosho iliyobaki batini.

Tukifupisha: Oktoba tujikinge na joto na tusafishe paa na mapipa. Novemba tushone vyandarua, tuondoe vifuu, tuzibe nyufa za visima na vyoo. Desemba hadi Aprili tuchemshe maji, tupime mvua na tupeleke homa zahanati mapema. Mei tusikunje chandarua, na tuendelee kusikiliza taarifa za vimbunga. Msimu ukipita, daftari la kopo lihifadhiwe. Baada ya miaka michache jumuiya itaweza kuulinganisha mwaka wake na miaka yake yenyewe, na wazazi wataona katika kurasa zilezile ni mvua ipi iliyotangulia homa za watoto wao.